SENGU, REDIO NA MTANDAO: HISTORIA YA KUJIFUNZA KWA PAMOJA KATIKA NCHI YA UMATENGO

Mgeni afikapo Litembo, katika milima ya Wilaya ya Mbinga, jambo la kwanza limshangazalo ni sura ya mashamba. Miteremko mikali, ambayo mahali pengine ingeachiwa mbuzi, imelimwa tangu bondeni hadi karibu na kilele, nayo imejaa mashimo yaliyopangwa kwa safu na kutengwa kwa matuta yanayokatana, hata mlima mzima waonekana kama sega la nyuki. Kilimo hicho chaitwa ngoro. Kimestahimili mvua za milimani kwa zaidi ya miaka mia moja, na wataalamu wa udongo kutoka nchi mbalimbali wamesafiri kwenda kukitazama. Hata hivyo, hakikuanzishwa na chuo chochote, wala hakuna kitabu ambacho mkulima wa kale alikisoma ili akijue.

Basi kilifundishwaje? Swali hili lina uzito zaidi siku hizi kuliko zamani. Elimu sasa hupelekwa kwa njia ya mtandao wa intaneti, na watu wengi hudhani kwamba somo likiisha kufika machoni pa mwanafunzi, kazi ya kufundisha imekwisha. Historia ya Umatengo na ya mwambao wa Ziwa Nyasa ulio jirani yake yaonyesha mambo mengine. Katika muda wa karne moja na zaidi watu wa pande hizo wamefundishwa kwa jembe, kwa meli, kwa kitabu, kwa redio na kwa simu, na katika kila zama yafaa kuuliza jambo lile lile: je, palikuwa na kundi la watu waliofanya kazi pamoja, ambalo mwanafunzi aliweza kuingia ndani yake?

I. NCHI NA WATU WAKE

Umatengo uko magharibi ya Songea, na upande wake wa magharibi milima hushuka ghafula hadi Ziwa Nyasa. Sehemu kubwa ya makazi iko kati ya mita 1,300 na 2,000 hivi juu ya usawa wa bahari. Mvua huanza mwezi wa Novemba na kuendelea mpaka Aprili au Mei, nayo ni mvua ya nguvu. Mteremko ukilimwa ovyo, udongo wa juu wenye rutuba huchukuliwa mpaka mtoni kwa misimu michache tu.

Katikati ya karne ya 19 Wangoni waliotoka kusini waliingia katika nchi ya Songea, na vita vyao vikawasukuma Wamatengo kwenye sehemu za juu zaidi, penye misitu na mapango. Watu wengi wakabanana mahali padogo. Wachunguzi wengi wa historia ya kilimo wameeleza kuwa hali hiyo ndiyo iliyowalazimisha kulima miteremko kwa uangalifu mkubwa namna ile, maana hapakuwa tena na nafasi ya kuhama na kuacha ardhi ipumzike kwa miaka mingi. Baadaye wakaja Wadachi. Mwaka 1902 Wamatengo waliokataa kuwa chini ya mamlaka yao walishambuliwa Litembo, na wengi wakauawa. Kwa hiyo jina la Litembo katika kumbukumbu za wenyeji lilikuwa jina la msiba kabla ya kuwa jina la misheni na hospitali.

Ardhi yenyewe iligawanywa kwa kipimo kilichoitwa ntambo. Ntambo ni mgongo mmoja wa mlima uliozungukwa na vijito: juu msitu, katikati nyumba na mashamba, chini bonde lenye unyevu. Kila ntambo ulikuwa mali ya ukoo mmoja, yaani babu, wanawe, wake zao na wajukuu. Watu wale wale walioishi pamoja ndio waliolima pamoja na kula pamoja. Jambo hili lapasa kukumbukwa, kwa sababu elimu yote itakayoelezwa hapa chini ilipita katika umbo hilo la ukoo.

II. NGORO KUWA SHULE

Kazi ya ngoro huanza mvua zinapokaribia kwisha, mnamo mwezi wa Machi. Wanaume hufyeka nyasi ndefu kwa nyengo na kuziacha zikauke kidogo. Kisha huzikusanya na kuzilaza juu ya ardhi kwa mistari inayokatana, hata shamba zima huwa na miraba ya nyasi, kila mraba karibu mita moja na nusu au mbili kwa upande. Baada ya hapo huja wanawake na majembe. Hukata udongo wa katikati ya mraba na kuufunika juu ya zile nyasi pande zote nne. Katikati hubaki shimo, na pembeni huinuka tuta ambalo ndani yake nyasi zitaoza na kuwa mbolea. Maharage hupandwa juu ya matuta mara moja. Yakisha kuvunwa, shamba hungoja mvua za mwisho wa mwaka, na mahindi hupandwa juu ya matuta yale yale. Magugu yanayopaliliwa hutupwa shimoni. Maji ya mvua huingia mashimoni badala ya kuteremka, na udongo unaochukuliwa na maji hutua humo humo. Mahindi yakisha kuvunwa, shamba hupumzishwa, na mzunguko huanza upya. Mashimo mapya huchimbwa mahali palipokuwa na matuta ya zamani.

Ukisoma maelezo haya, kazi yaonekana kuwa rahisi, na mtu hodari aweza kuyakariri kwa nusu saa. Lakini ugumu wa ngoro umo katika mambo ambayo hayaandikiki kwa urahisi. Upana wa mraba hubadilika kwa kadiri ya ukali wa mteremko. Nyasi zikiwa mbichi mno au chache mno, tuta halitakuwa na nguvu. Kosa lililofanywa mwezi wa Machi halionekani mwezi huo. Huonekana Januari, mvua kubwa ikinyesha usiku na safu nzima ya mashimo ikibomoka, shimo la juu likimwaga maji katika shimo la chini.

Tena, mzunguko mmoja huchukua miaka miwili. Mtoto aliyeanza kumfuata mama yake shambani akiwa na umri wa miaka minane, alipofika miaka kumi na minane alikuwa ameiona kazi nzima katika shamba moja mara tano tu. Ndiyo maana kujifunza kulihitaji miaka na kulihitaji wenzi. Mtoto alianza kwa kazi nyepesi, kukusanya nyasi, kutia mbegu na kuzifunika, kupalilia, huku akiwaona wakubwa wakiamua lililo gumu. Hakuna aliyemwambia kuwa yuko shuleni. Alikuwa mfanyakazi kamili katika sehemu ndogo, na sehemu yake ikakua pamoja naye.

Wataalamu wa elimu wa siku za karibu wameipa hali hii jina. Mwaka 1991 Jean Lave na Etienne Wenger walitoa kitabu chao mashuhuri juu ya kujifunza kwa kushiriki katika jumuiya ya watendaji. Mojawapo ya mifano yao ilitoka Afrika: mafundi cherehani wa Liberia, ambao Lave alikaa nao katika miaka ya 1970. Mwanagenzi wa pale alianza mwishoni mwa kazi, kwa kupiga pasi, kutia vifungo na kupinda pindo, ndipo akafundishwa kushona, na kukata kitambaa kukawa jambo la mwisho, kwa kuwa kitambaa kilichokatwa vibaya ni hasara isiyorudi. Mkulima wa Litembo asingeona jambo geni katika habari hiyo.

III. SENGU, NA WASIOKETI SENGU

Pamoja na shamba palikuwa na mahali pengine pa kufundishia. Wanaume wa ukoo mmoja walikula pamoja kila siku, chakula kikiletwa kutoka katika kila nyumba. Mkusanyiko huo, na mahali ulipofanyikia, uliitwa sengu. Mkuu wa ukoo aliketi pamoja na wanawe na wajukuu zake wa kiume, na baada ya kula, na hata wakati wa kula, mambo ya ukoo yalisemwa: mpaka wa shamba, ugomvi wa ndugu, ndoa, deni, kazi ya kesho. Vijana walisikiliza. Aliyelima vibaya aliambiwa mbele ya wenzake, na aliyekuwa na njaa alijulikana bila ya kuomba, kwa maana chakula cha nyumba yake kilionekana kuwa haba.

Waandishi wengi wa siku hizi wameisifu sengu kuwa ndiyo iliyokuwa shule ya Wamatengo, na sifa hiyo ina haki yake. Lakini yapasa kutazama kwa makini ni nani aliyeketi pale. Wanawake hawakuketi katika sengu ya wanaume. Nao ndio waliochimba ngoro. Elimu ya kuweka nyasi iliweza kusemwa na kusahihishwa penye sengu, bali elimu ya kukata udongo, kujua uzito wake na kiasi cha kuufunika, ilikuwa mikononi mwa mama, dada na wake wa ndugu mmoja, nayo ilipita shambani kutoka mwanamke mkubwa hadi mdogo. Bibi harusi aliyetoka ntambo mwingine alijifunza udongo wa nyumba yake mpya kwa kuchimba kando ya mama mkwe wake. Kwa hiyo jumuiya za kujifunza zilikuwa mbili, na ni moja tu iliyopata jina na heshima. Kosa la kusahau ile ya pili limerudiwa mara nyingi katika historia inayofuata.

IV. MELI NA MISHENI

Elimu ya maandishi iliingia kwa njia mbili, ziwani na nchi kavu. Ziwani walikuja Waanglikana wa misheni ya Vyuo Vikuu, ambao makao yao makuu yalikuwa kisiwa cha Likoma. Vijiji vya mwambao vilikuwa mbali mbali, na njia ya nchi kavu ilikuwa mbaya. Wao wakaamua kuipeleka shule majini. Meli yao Chauncy Maples, iliyoshushwa majini mwaka 1901, ilikuwa kanisa, zahanati, na pia chuo cha waalimu kilichoelea. Wanafunzi waliopanda meli hiyo walisoma safarini, na meli ilipotia nanga, vijiji vya kufundishia vilikuwa mbele yao. Miongoni mwa vituo vya misheni hiyo upande wa Tanganyika ni Liuli, mahali alipozikwa mwaka 1928 Padri Mkuu William Percival Johnson, aliyezunguka mwambao huo kwa zaidi ya miaka arobaini.

Yaweza kusemwa kuwa meli ile ilikuwa elimu ya mbali ya kwanza katika sehemu hizo. Chombo kilishinda umbali, lakini hakikumtenga mwanafunzi na wenzake wala na kazi aliyokuwa akiiandalia. Alisoma ualimu kati ya wanaosomea ualimu, na alifundisha chini ya macho ya mwalimu.

Nchi kavu walikuja Wabenediktini, waliofungua Peramiho mwaka 1898, Kigonsera mwaka 1899, na Litembo mwaka 1914. Padri Joseph Häfliger alitoa kamusi ya Kimatengo mwaka 1909. Shule zilienea pamoja na makanisa, na zao la kahawa likafuata katika miaka ya 1920. Faida zake hazina shaka, maana Umatengo ulitoa waalimu, mapadri, wauguzi na makarani wengi. Hata hivyo shule iliweka mpaka mpya. Ndani ya darasa mtoto alikaa na watoto wenziwe wa umri mmoja, akifundishwa na mtu mmoja mambo ambayo wazazi wake hawakuyafanya. Kahawa nayo ikavuta kazi ya wanaume karibu na nyumba, na ngoro ikazidi kuwa mzigo wa wanawake.

V. ELIMU KWA AMRI

Serikali ya Kiingereza iliitazama ngoro kwa mshangao wa heshima. Mwaka 1938 A. H. Pike aliandika katika jarida la Tanganyika Notes and Records juu ya jinsi Wamatengo wanavyohifadhi udongo. Katika siku ambazo maofisa walikuwa wakiwalaumu wakulima wa Kiafrika kwa kuharibu ardhi, makala hayo yalikuwa ushahidi kwamba wenyeji wa mlima mmoja walikuwa wameitatua taabu hiyo wenyewe.

Lililotokea katika mlima mwingine laonyesha tofauti. Katika Uluguru, nyuma ya mji wa Morogoro, serikali ilianzisha mwaka 1950 mpango wa kuhifadhi ardhi ambao uliwalazimisha watu kujenga matuta ya ngazi. Kazi ilikuwa nzito, udongo wa juu ulikuwa mwembamba, na mahali pengi ngazi hizo zilileta juu udongo usio na rutuba. Walioamriwa kuchimba hawakuwa wameshiriki katika kupima wala kuamua. Mwezi wa Julai 1955 pakatokea ghasia Matombo, mtu akafa, na mpango ukaachwa. Sababu za siasa zilikuwapo pia, kwa kuwa huo ulikuwa mwanzo wa TANU. Lakini mtu akilinganisha Matombo na Litembo, haiwezekani kusema kwamba Waluguru hawakupenda udongo wao. Walipewa umbo la shamba bila ya jumuiya ambayo ingelijaribu, ingelikosoa, na ingelilea mpaka likubaliane na mlima wao.

VI. LITOWA NA REDIO

Katika siku za Uhuru, Mkoa wa Ruvuma wenyewe ulitoa jaribio ambalo habari zake zilifika mbali. Vijana wa TANU, Ntimbanjayo Millinga akiwa kiongozi wao, walianzisha kijiji cha Litowa katika Wilaya ya Songea. Vijiji vingine vikafuata, na vyote vikaungana katika Chama cha Maendeleo cha Ruvuma. Shule ya Litowa ilipokea watoto wa vijiji vya chama, na humo masomo na kazi ya shamba la kijiji vilikwenda pamoja, hata kabla Mwalimu Julius Nyerere hajatoa, mwezi wa Machi 1967, maelezo yake juu ya Elimu ya Kujitegemea. Mwezi wa Septemba 1969 chama hicho kilivunjwa kwa uamuzi wa viongozi wakuu wa TANU. Majengo yalibaki, na watu wengi walibaki, lakini mikutano ambayo kwayo kijiji kimoja kilijifunza kutoka kwa kingine ilikoma.

Mwaka 1970 ukatangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na hapo ndipo chombo kipya, redio, kilipotumiwa kwa namna ambayo hata leo yafaa kuchunguzwa. Watayarishaji walijua kwamba mtu mmoja akisikiliza peke yake husahau upesi. Basi hawakutosheka na kutangaza. Walifundisha viongozi wa vikundi, wakachapa vitabu vidogo, wakawaita watu wakutane saa ya kipindi. Kikundi kilisikiliza pamoja, kiongozi akasoma kitabu kwa ajili ya wasiojua kusoma, watu wakajadiliana, na mwisho wakaulizwa: sasa tufanye nini hapa kwetu? Kampeni ya Wakati wa Furaha ilifanywa mwaka 1971. Ile iliyoitwa Mtu ni Afya, ya mwaka 1973, iliwakusanya watu wapatao milioni mbili kwa muda wa majuma kumi na mawili. Chakula ni Uhai ikafuata mwaka 1975. Katika kampeni ya afya vyoo vilichimbwa, majani yakafyekwa, na madimbwi ya mbu yakafukiwa. Sauti ilitoka Dar es Salaam, ila uamuzi ulifanywa chini ya mti wa kijiji.

Upungufu wake ulikuwa huu, kwamba kikundi kiliitwa kwa ajili ya kampeni na kampeni ilikuwa na mwisho. Redio iliponyamaza, vikundi vingi vilitawanyika. Sengu haikuwa na juma la mwisho, kwa sababu watu walikula kila siku.

Wakati huo huo sengu yenyewe ilikuwa ikififia. Kuhamia vijijini, shule ya msingi kwa watoto wote tangu 1977, fedha za kahawa na nyumba za kujitegemea vilipunguza desturi ya kula pamoja. Na mwezi wa Machi, uwapo wakati wa kuchimba ngoro, shule zimefunguliwa. Hakuna mzazi wa kulaumiwa kwa kumpeleka mtoto wake darasani. Lakini hesabu ile ya mizunguko mitano ikawa mitatu, au miwili, au mtoto akaiona kazi siku za Jumamosi tu.

VII. KINDIMBA

Katika miaka ya 1990 ushirika wa kahawa wa Mbinga ulianguka baada ya biashara kuachwa huria, na bei ya mbolea ikapanda. Katika taabu hiyo walikuja wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro, pamoja na wenzao wa Japani. Uchunguzi wao wa kwanza ulifanywa tangu 1994 mpaka 1997, na baada yake, tangu 1999 mpaka 2004, kituo cha chuo hicho cha maendeleo ya vijijini kilifanya kazi katika vijiji vya Kindimba na Kitanda.

Mwanzoni waliisoma ngoro kama ufundi: kina cha mashimo, uzito wa udongo, kiasi cha maji. Baadaye waliona kwamba hawawezi kueleza ufundi bila ya kueleza ntambo na sengu. Wanakijiji wa Kindimba walipoamua kujenga kinu cha kusaga nafaka kwa nguvu ya maji, waliunda kamati wakaiita Sengu. Jina la kale likapewa kazi mpya. Penye kinu na vikundi vyake vijiji hivyo vilijifunza pia kuotesha miti, kuchimba mabwawa ya samaki na kufuga nyuki. Jambo la kujifunza hapa ni kwamba wenyeji hawakuirudisha sengu kwa ajili ya kumbukumbu. Walikuwa na mashine ya kuendesha, fedha za kuhesabu na mfereji wa kuchunga. Palipokuwa na kazi ya pamoja, baraza likapata sababu ya kuketi. Na kwa kuwa unga ni kazi ya wanawake katika desturi ya huko, haikuwezekana tena kulizungumza jambo la kinu kana kwamba wao hawapo.

VIII. MTANDAO

Elimu ya mbali ya Tanzania haikuanza na kompyuta. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, iliyopewa sheria yake mwaka 1975, iliendesha masomo kwa njia ya posta. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kiliundwa kwa sheria ya mwaka 1992 na kupokea wanafunzi wa kwanza mwaka 1994, nacho kikafungua vituo mikoani, Songea kikiwa kimoja wapo. Vituo hivyo ni ungamo la jambo muhimu: hata chuo kilichoanzishwa ili mwanafunzi asihame nyumbani kwake kiliona kwamba lazima pawe na mahali pa kukutana, kuuliza na kufanya mitihani.

Mwaka 2009 waya wa kwanza wa mawasiliano uliolazwa chini ya bahari ulifika Dar es Salaam, na miaka iliyofuata simu zenye intaneti zikaenea mpaka vijijini. Tarehe 17 Machi 2020, kwa sababu ya ugonjwa wa korona, shule zilifungwa nchini, na mpaka zilipofunguliwa tena mwezi wa Juni masomo yalipelekwa kwa redio, televisheni na mtandao. Nchi nyingi duniani zilifanya jaribio hilo hilo kwa ghafula, na karibu kila mahali malalamiko yalifanana. Waliokuwa na vyombo walipata masomo, wasiokuwa navyo walikosa; na hata waliokuwa navyo wengi walisema kuwa upweke uliwashinda kuliko ugumu wa somo.

Kwa mkulima wa Umatengo simu imeleta mambo ya haki kabisa. Aweza kujua bei ya kahawa kabla hajauza, aweza kupiga picha ya jani lenye ugonjwa na kumpelekea bwana shamba aliye mbali, na kijana aliyehamia mjini aweza kusikia mambo ya ukoo wake jioni ile ile yanaposemwa. Vikundi vya simu vya ndugu na vya wakulima vina jambo moja la sengu, nalo ni kuwa watu wale wale huzungumza kila siku bila ya ratiba ya kampeni. Navyo vina jambo moja ambalo sengu haikuwa nalo: mwanamke aweza kusema humo.

Lakini filamu ya dakika kumi juu ya kuchimba ngoro huonyesha Machi tu. Haionyeshi usiku wa Januari. Aliyeitazama atajua sura ya mraba, na hatajua kama mraba wake utabomoka, wala hatakuwa na mtu wa kumwambia kabla haujabomoka. Mtandao ukitumiwa kama tangazo, huwa redio isiyo na kikundi. Ukitumiwa na watu ambao tayari wana mteremko mmoja wa kulima, huweza kuwa kama ile meli ya ziwani, chombo kinachoshinda umbali na kuwaacha wenzi wakiwa pamoja.

IX. HITIMISHO

Historia hii haidai kwamba ya kale yote yalikuwa mema. Sengu iliwanyima nafasi waliochimba. Ntambo ulimfunga kijana kwa babu yake. Shule na misheni zilifungua milango ambayo ukoo usingeifungua. Hata hivyo, mfululizo wa mambo waonyesha kanuni moja isiyobadilika kwa kubadilika vyombo. Elimu ya meli, ya Litowa, ya vikundi vya redio na ya kinu cha Kindimba ilishika mizizi mahali palipokuwa na watu wenye kazi moja, ambao mwanafunzi aliruhusiwa kuingia kati yao kwa sehemu ndogo na kuongezewa. Elimu ya matuta ya Uluguru iliyokuja kwa amri haikudumu, ingawa nyuma yake palikuwa na serikali nzima.

Linalobaki ni neno la haraka. Wanawake na wanaume walioiona ngoro tangu utoto, mwaka baada ya mwaka, wanazeeka. Katika miaka ambayo bado wanachimba, wale wanaotunga masomo ya mtandao kwa ajili ya vijiji wana nafasi ya kuanza kazi yao kwa kuuliza, kabla ya kuuliza ni simu ngapi zilizopo, ni nani anayelima na nani, nani anayekula na nani, na ni mlango gani ambao mtoto aweza kuupitia hata akafika shambani mwezi wa Machi, akabaki mpaka mvua ya Januari, na kurudi tena mzunguko unaofuata. Kalenda ya shule yaweza kupangwa upya kwa amri moja, na filamu yaweza kutengenezwa kwa siku moja. Mizunguko mitano ya ngoro bado yahitaji miaka kumi.